Kabla ya kuhamisha karakana ya msanii, pimeni kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalozikabili familia nyingi za Marangu, Machame, Moshi mjini, Tengeru na Arusha. Msanii anapofariki, au anapozeeka asiweze tena kushika brashi wala patasi, nyumba yake yenye chumba cha kazi hugawanywa, huuzwa au hubomolewa. Kwa kawaida picha na vinyago vinavyoonekana kuwa na bei huchukuliwa kwanza. Kisha makopo ya rangi, brashi zilizokauka, michoro ya penseli, vipande vya magazeti na meza iliyojaa matone ya rangi hutupwa shimoni au kuchomwa moto. Mwisho huja fundi wa kung'oa bati. Mpangilio huo umepinduka, na hasara yake hairudishiki.

Mkoa wa Kilimanjaro si mgeni katika historia ya sanaa ya Afrika Mashariki. Sam Ntiro alizaliwa huku mwaka 1923, akasoma Makerere, kisha chuo cha Slade kule London; picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko katika MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York. Elimo Njau wa Marangu alianzisha Kibo Art Gallery kwenye miteremko ya mlima mwaka 1964, na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi. Hao ni wachache waliofahamika mbali. Wapo wachoraji, wachongaji na mafundi wa batiki ambao majina yao yanajulikana kata moja tu, na karakana zao sasa ziko mikononi mwa watoto na wajukuu.

Watu huuliza: kwa nini tuhifadhi chumba kizima wakati picha zenyewe tunazo? Jibu linaonekana vizuri katika karakana mbili za Ulaya zilizohamishwa.

Mchoraji Francis Bacon, mzaliwa wa Dublin, alifanya kazi katika chumba kidogo cha ghorofani namba 7 Reece Mews, London, kuanzia mwaka 1961 hadi alipofariki mwaka 1992. Kilikuwa kimefurika picha zilizochanwa vitabuni, makopo, vitambaa na kanvasi zilizokatwa kwa kisu, na kuta na mlango alivitumia kujaribia rangi. Mwaka 1998 mrithi wake, John Edwards, alikitoa chumba hicho kwa jumba la sanaa la Hugh Lane la Dublin. Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Kabla ya kitu chochote kuinuliwa, waliletwa wanaakiolojia, watu waliozoea kuchimba na kuandika nafasi ya kila kigae. Walipima, wakachora ramani za sakafu na kuta, wakapiga picha, kisha wakaondoa vitu tabaka kwa tabaka huku kila kimoja kikipewa namba. Vilizidi 7,000. Kuta, mlango, sakafu na dari navyo vilifunguliwa vikasafirishwa, na hata vumbi lilikusanywa, maana Bacon aliwahi kulichanganya na rangi. Chumba kilifunguliwa kwa umma mwaka 2001. Leo mtafiti akitaka kujua picha fulani ilitokana na ukurasa upi wa gazeti, anaupata, na anajua ulikuwa umelala karibu na nini.

Ya pili ni ya mchongaji Constantin Brancusi, iliyokuwa Impasse Ronsin, Paris. Kwa Brancusi, namna vinyago vilivyosimama kimoja karibu na kingine ilikuwa kazi yenyewe ya sanaa, hata alipouza kimoja aliweka nakala ya plasta pale pale ili uwiano usivunjike. Mwaka 1956 aliwaachia Wafaransa karakana yote kwa sharti kwamba waisimamishe upya kama ilivyokuwa, na mwaka uliofuata akafariki. Utekelezaji ulikuwa wa kusuasua. Mwaka 1962 ilijengwa sehemu tu ndani ya jumba la Palais de Tokyo, mwaka 1977 ikajengwa upya mbele ya jumba la sanaa la Centre Pompidou, mwaka 1990 ikaingiwa na maji ikafungwa, na ni mwaka 1997 tu ilipofunguliwa katika jengo lililosanifiwa na Renzo Piano. Nchi tajiri yenye sheria na fedha ilihitaji miaka 40. Kilichowaokoa ni kwamba Brancusi mwenyewe alikuwa mpiga picha hodari, na picha zake za karakana zilionyesha kila kitu kilikokaa.

Ndipo ninapofikia ombi langu kwa warithi. Hata kama hamna fedha ya kuhamisha ukuta mmoja, andikeni nafasi za vitu kabla ya kugusa. Kanvasi iliyochanika hushonwa, kinyago kilichovunjika huungwa, lakini nafasi ya kitu ikishapotea hakuna fundi wa kuirudisha. Gharama yake ni daftari, penseli, tepu ya kupimia, uzi, simu yenye kamera na subira.

Fungeni chumba, ufunguo ashike mtu mmoja. Msifagie. Pigeni picha kila ukuta mkiwa mmesimama katikati yake, kamera ikiwa sambamba na ukuta, flashi imezimwa, na rula au tepu ikionekana ndani ya picha. Halafu chora ramani ya sakafu na ya kila ukuta kwa kipimo cha 1 kwa 20; ukuta wa mita 5 utakuwa sentimita 25 na utatosha kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa. Onyesha kaskazini, urefu wa kingo za madirisha kutoka sakafuni, taa ilipo, misumari ya kutundikia, na alama za miguu ya meza au ya kigoda. Alama hizo ndizo zinazoonyesha msanii alisimama au aliketi wapi, na mwanga ulimjia kutoka upande gani.

Baada ya hapo gawa sakafu kwa uzi katika miraba ya sentimita 50. Chumba cha mita 4 kwa 5 kitatoa miraba 80: herufi A hadi H upande mfupi, namba 1 hadi 10 upande mrefu. Kila kitu kipewe alama ya mraba, tabaka na namba yake. Brashi ya 17 kuandikwa, iliyokutwa tabaka la pili katika mraba C4, itaandikwa C4-2-017. Anzeni juu kwenda chini, na msichimbe mraba mmoja hadi sakafuni huku jirani yake hamjaugusa, kwa sababu rundo litaporomoka na tabaka zitachanganyika. Awepo mmoja wa kuinua, mmoja wa kuandika na mmoja wa kupiga picha. Anayeinua akianza kuandika pia, namba hujirudia, na kosa hilo hugunduliwa wakati makasha yameshafungwa.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi nene na kufungwa kwa uzi wa pamba. Kalamu ya wino hufifia au husambaa unyevu ukiingia. Selotepu isiguse kazi kabisa: kwa joto letu gundi yake huyeyuka, huingia kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Daftari litolewe nakala siku hiyo hiyo, na nakala ilale nyumba nyingine. Paa ya Paa iliungua moto mwaka 1997 na mengi yaliyokuwamo yakateketea; kumbukumbu iliyo mahali pamoja na vitu vyenyewe huteketea navyo.

Sasa vifaa vyenyewe, na hapa ndipo watu wenye nia njema huharibu zaidi.

Wachoraji wengi wa nchi hii, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1960, hutumia rangi ya kung'aa ya makopo juu ya hadibodi. Rangi hiyo hukauka juu, lakini joto likiipata hulainika na kunata. Ukifunga picha mbili uso kwa uso, au ukaifunika kwa nailoni na kuiacha kwenye gari juani, zitagandana, na ukizitenganisha moja itabaki na ngozi ya mwenzake. Weka vipande vya kadibodi pembeni ili nyuso zisigusane. Kama lazima zigusane, tumia karatasi ya kuokea keki, ile isiyonata. Gazeti lisitumike, maana wino wake huhamia kwenye rangi nyeupe. Hadibodi isafirishwe ikiwa imesimama wima. Ikilazwa moja juu ya nyingine hupinda, na rangi ya pembeni humeguka kwanza kwa sababu kingo ndizo zinazofyonza maji na kuvimba.

Kanvasi ya zamani isikunjwe, na ikiwezekana isiviringishwe. Ikibidi, iviringishwe upande wa rangi ukiwa nje, juu ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi. Watu hudhani rangi ikiwa ndani inalindwa. Kumbe ikiwa ndani hubanwa na kujikunja, na siku ya kufunguliwa huinuka vipande vipande.

Mpingo unahitaji maneno yake. Ni mti mzito, huzama majini, na mchongaji huweza kuufanyia kazi kabla haujakauka hadi kiini. Karakana ya Marangu iko juu, kwenye mvua na ubaridi. Stoo ya Moshi mjini iko chini, kwenye joto na ukavu. Kinyago kikishushwa ghafla, uso hukauka na kusinyaa wakati kiini bado kina unyevu, na ufa huanzia kwenye ncha za mti. Kifungwe kwa shuka la pamba, kiwekwe ndani ya kasha la mbao au kadibodi nene, na kasha likifika lisifunguliwe kwa saa 24. Kisiwekwe karibu na dirisha wala jikoni. Kupaka mafuta ya kula ili king'ae, desturi niliyoiona kwenye maduka mengi ya vinyago, hukamata vumbi na baadaye hutoa harufu ya kuchacha. Kitambaa kikavu kinatosha.

Mchwa hupanda kutoka ardhini kwa njia za udongo, kwa hiyo makasha yasikae sakafuni bali juu ya mbao, sentimita 15 kutoka ukutani, ili mtu aweze kuona njia hizo na kuzivunja. Bungua ni adui wa aina nyingine. Huishi ndani ya mti wenyewe, na dalili yake ni vitundu vidogo na unga mwepesi. Dawa ya kupulizia haifiki alipo, na inaweza kuchafua rangi. Kwa mti usiopakwa rangi, na kwa vitambaa vya batiki, njia salama ni friza: funga kitu ndani ya mfuko wa nailoni, toa hewa, ziba kabisa, kiache kwa nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili, kisha kitoe na usifungue mfuko hadi saa 24 zipite, ili umande utande nje ya nailoni, usitande kwenye kitu. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya. Picha yenye rangi nene isiingizwe friza, kwani rangi ngumu hupasuka kwa baridi.

Rangi za makopo ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Msizipige msasa zikiwa kavu, msizichome, na watoto wasicheze na vumbi lake. Makopo yenye lebo yahifadhiwe, lakini rangi ya maji maji, tina na tapentaini zisipande gari moja na picha. Kabla ya kumwaga kilichobaki mahali salama, paka kipande cha hadibodi na uandike kimetoka kopo gani. Siku picha itakapohitaji kutengenezwa, kipande hicho kitamwongoza fundi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi ni hatari halisi, kwa sababu mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa ndani ya boksi huweza kushika moto lenyewe bila kiberiti. Vitandazwe nje vikauke kimoja kimoja.

Kuhusu jengo, lazima tuwe wakweli. Ukuta wa matofali ya saruji wa unene wa sentimita 15 una uzito wa karibu kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Kuukata na kuuinua kunahitaji fremu ya chuma na winchi, na lipu hupasuka njiani kama haikushikiliwa kitaalamu. Kwa familia nyingi njia inayowezekana ni kutundika nailoni nene inayoonyesha mbele ya ukuta na kunakili kila alama ya rangi kwa ukubwa wake halisi kwa kalamu isiyofutika, pamoja na picha zenye rula. Ukuta wa mbao ni rahisi zaidi. Kila ubao upewe namba upande wa nyuma, na misumari ikatwe kwa kupitisha msumeno wa chuma kati ya ubao na nguzo. Mtaimbo haufai, kwani mbao iliyokauka miaka 40 hupasuka inapobanduliwa. Mlango, fremu za madirisha na meza ya kazi vichukuliwe kila inapowezekana. Ukiwa na vitatu hivyo pamoja na ramani, chumba kinaweza kusimamishwa upya ndani ya jengo lolote.

Ila mwanga usisahaulike. Vitabu vya Ulaya husema karakana iwe na dirisha la kaskazini kwa sababu kule jua haliingii upande huo. Ushauri huo haufai hapa. Moshi na Arusha ziko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la mchana liko kaskazini kuanzia kama katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini. Mwezi Juni huinama kaskazini kama nyuzi 27 kutoka utosini, mwezi Desemba kusini kama nyuzi 20. Kwa hiyo dirisha la kaskazini na la kusini yote hupata jua kwa zamu, lakini jua hilo liko juu sana, na paa likichomoza sentimita 80 mbele ya dirisha la urefu wa mita moja na nusu litalizuia saa sita mchana mwaka mzima. Madirisha ya mashariki na magharibi hayazuiliki hivyo. Wanaopokea karakana waijenge ikitazama upande ule ule ilikotazama awali, na kama haiwezekani, waandike hivyo ukutani ili mgeni asidanganyike.

Kipindi cha kazi nacho kichaguliwe. Msihamishe wakati wa masika, Machi hadi Mei, wala vuli ikiwa imekolea. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa, ukungu huota nyuma ya kanvasi na ndani ya vitabu, na makasha yaliyofungwa yakiwa na unyevu huukuza vizuri zaidi. Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, ni bora. Gari liwe la bodi iliyofungwa. Kirikuu ya wazi yenye turubai hupitisha vumbi na mvua. Picha zisimame zikitazama ubavuni mwa gari ili tuta likipigwa zisipigane, na dereva aambiwe kabisa kwamba hakuna haraka.

Limebaki la sheria, na ni fupi ingawa ndilo linalovunja familia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Nyumba ya msanii wa karne ya 20 haimo, mpaka waziri aitangaze katika Gazeti la Serikali. Kwa hiyo msisubiri mtu aje kuzuia ubomoaji. Anayetia saini makabidhiano awe msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Saini ya kaka mkubwa pekee haitoshi. Hati iseme wazi kama vitu vinatolewa zawadi au vinawekwa amana, na kama ni amana, kwa miaka mingapi na nani atalipia ulinzi. Iambatane na orodha yote yenye namba. Na kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda kazi kwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, hati itaje pia nani ataruhusu picha kuchapishwa kwenye kalenda, kadi na fulana, kwa sababu kumpa mtu picha si kumpa haki ya kuinakili. Jumba linalopokea likikataa kuandika sharti kwamba vitu vya karakana moja havitatenganishwa, familia itafute jumba jingine.

Mtunza kazi za sanaa,
Moshi